Niliungama Dhambi ya Mwenzangu, Wakaniimbia

Hapana, bwana. Usiwaambie watu kwamba nasema haya kwa sababu nimerudi nyuma.

Wewe uliyesimama pale sokoni Chimala kifua mbele, ukashuhudia jinsi Bwana alivyokutoa kwenye nyumba ya pombe, kisha ukasema kijana yeyote anayebeza kuungama hadharani bado ni wa dunia... nilikusikia. Nilikuwa nyuma yako na debe la mchele begani. Ningekujibu palepale, lakini mikono ilikuwa imejaa, na mdomo wangu ukianza haujui kusimama. Basi nakujibu kwa kalamu, na wasomaji wenzangu wasikie.

Mimi nimeokoka. Furaha ya Bwana ninayo hata sasa ninapoandika, nimekaa juu ya gogo, unga wa mbao umejaa kwenye nywele. Lakini furaha hiyo niliipata mara mbili. Mara ya kwanza niliitumia kama mpumbavu, na aliyelipia si mimi.

Nina umri wa miaka ishirini na sita. Kwetu ni Ilomba, kando ya mji wa Mbeya. Shule sina. Kusoma nilijifunza mwenyewe kwa kitabu cha nyimbo kisicho na jalada na magazeti ya kufungia sukari, ndiyo maana naandika kama ninavyosema. Kama unataka Kiswahili cha kupiga pasi, tafuta mtu wa pwani.

Nilipokuwa mtoto niliimba kanisani mpaka wazee wakageuka kunitazama. Mama alisema mwanangu huyu Mungu amempa kifua cha fahali. Furaha ile sikuitafuta, ilikuwepo tu, kama njaa ya asubuhi. Kisha nikakua, nikaenda kutafuta kazi misitu ya Mufindi, na imani ikabaki kama shati la Jumapili. Nalivaa, nalivua. Nani ambaye hajapita hapo? Usijibu haraka.

Kule Igowole ndiko nilikokutana na Galus.

Galus ni Mhehe, Mkatoliki, mpole, mwenye miguu mirefu kama ngazi. Tulikuwa wapasua mbao. Kwa wasiojua kazi hii, nieleze. Mnachimba shimo refu kupita mtu, mnalaza gogo juu yake, mnalipiga mstari kwa uzi uliopakwa mkaa. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yenu siku nzima. Mtu wa juu anaona mstari, anaona anga, anasalimiana na wapita njia. Mtu wa chini anaona unga wa mbao tu. Unamwingia machoni, puani, shingoni, na akifungua mdomo unamwingia mdomoni.

Miaka mitano mimi nilikuwa juu na Galus chini. Nilipomwuliza siku moja, alisema macho yake yameshazoea. Sikuuliza tena. Kwa nini niulize? Juu kulikuwa kuzuri.

Usifikiri sikumpenda. Mwaka wetu wa pili gogo liliteleza, lingenivunja miguu yote, na Galus akaliwekea bega lake. Mfupa ulipona vibaya, na mpaka leo bega lile limekaa upande. Mtu mmoja wa shamba la chai alimwita nundu ya ng'ombe, nikamtoa jino. Nilisema mbele ya watu: atakayemgusa Galus amenigusa mimi. Mnaona nilivyokuwa rafiki mwema? Mimi mwenyewe nacheka, na kicheko chenyewe si kizuri.

Alikuwa ameoa hapohapo Igowole, binti wa Mzee Kikoti, jina lake Perpetua. Watoto wawili. Jumapili nilikula kwao. Perpetua alikuwa na ulimi wa kisu. Nikichelewa alisema, "Mla ndizi, ugali wetu umepoa ukikusubiri, au kwenu jua linachelewa kuchomoza?" Nami namjibu kwamba kwetu jua linaanza kwanza kwa watu wazuri. Tunacheka. Nyumba ile ilikuwa na kicheko hata mvua ikinyesha wiki mbili.

Sasa sikilizeni lilipoanzia.

Kanisa letu dogo lilikuwa halina mabenchi. Watu walikaa kwenye matofali. Mwinjilisti, mtu mnene mwenye sauti ya asali, akataka mabenchi sita kabla ya sikukuu ya mavuno. Kazi akatupa sisi. Lakini mwaka ule mvua ilikuwa mbaya, njia ya kwenda msituni ikawa tope la kufika magotini. Gogo lisingetoka huko hata kwa ng'ombe ishirini.

Karibu na barabara palikuwa na kichaka cha makaburi ya ukoo wa Mzee Kikoti. Wahehe wana desturi, miti iliyosimama juu ya wazee wao haiguswi na shoka. Hata kuni zikianguka zinaachwa zioze. Hapo katikati palikuwa na mti mmoja wa podo, mnene, mnyoofu kama mshumaa, na chini yake amelala baba yake Mzee Kikoti.

Mzee alikuwa amekwenda Iringa mjini kumwuguza dada yake. Watu wanapita pale wakiinamisha kichwa, hawatazami ndani.

Nani aliyesema tuukate? Andikeni vizuri: ni mimi. Nilisema mti ni mti. Nilisema sisi ni Wakristo, tunaogopa mizimu ya nini? Galus alisema hapana. Nikasema tena, akasema hapana. Mara ya tatu akasema, "Lusajo, aliyelala pale ni babu wa mke wangu." Mara ya nne nikamwambia kama urafiki wetu ni wa kula ugali tu, niambie nijue, nitafute mtu mwingine wa shimoni.

Akachukua shoka.

Tuliukata mchana wa mvua, mvua ikameza sauti. Tukapasua, tukaranda, tukatengeneza mabenchi sita, na sikukuu ya mavuno watu wakakaa kama mabwana. Mwinjilisti alishukuru kwa sala ndefu. Hakuuliza mbao zimetoka wapi. Watu wa namna ile hawaulizi, wanashukuru.

Mzee Kikoti aliporudi akakuta kisiki. Nasikia alikaa juu yake mpaka jua likazama. Kisha akaja kwa Galus, mkwe wake, akala ugali wake, akasema mbele ya Perpetua kwamba waliomfanyia vile bila shaka ni vibarua wa barabarani, watu wa kupita. Akasema akimjua mtu huyo, hatakaa naye moto mmoja maisha yake yote, hata awe nani. Galus alikuwa anashika tonge. Aliniambia tonge lile alilishika mpaka likapoa.

Tangu hapo Galus akanyamaza. Utani ukaisha. Jumamosi hakuja kazini, na nikimwuliza anasema ana shughuli. Mimi nikaona ananikwepa, nikakasirika. Mtu mwenye kosa ana haraka sana ya kukasirika, hamjaona?

Ndipo wakaja wale ndugu wa uamsho.

Walikuja kwa miguu, wanaume kwa wanawake, wanaimba njia nzima. Walisema tutembee nuruni, kila mtu atoe dhambi yake mbele ya wenzake. Nilikwenda kuwacheka. Nikasimama mlangoni na mikono mfukoni. Lakini walipoanza kuimba... sijui niseme nini. Ile furaha ya utotoni ilinishika hapa shingoni. Moyoni nilimwona mama yangu na jembe lake. Nikalia mimi, mtoa meno ya watu! Hilo sitalikana. Mungu alikuwemo mle ndani, na kama alikuwa amekaa, alikaa kwenye lile benchi.

Nikawa mmoja wao. Na kila mkutano tunashuhudia.

Sasa niwaambie kitu ambacho wale ndugu hawatakiri hata ukiwafinya. Dhambi zilikuwa na bei yake. Nilipoungama kwamba niliiba ndizi za mjomba, waliniimbia ubeti mmoja, tena kwa kuburuta. Nilipoungama ugomvi, beti mbili. Lakini jamaa mmoja aliposimama akasema ana mke wa siri kule Mbarali, jamani! Waliimba wimbo mzima, wakaurudia, wakamkumbatia, mama mmoja akamchinjia kuku. Yule bwana alitoka pale anatembea kama amepewa uchifu.

Nikamwonea wivu mzinzi. Umewahi kusikia upuuzi kama huo? Nilikwenda kulala natafuta moyoni dhambi iliyo kubwa.

Na nilikuwa nayo.

Jumapili iliyofuata nilisimama. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Nikasema kwa sauti yangu ya fahali: "Mimi na Galus, mkwe wa Mzee Kikoti, tuliukata mti wa makaburi ya wazee wake. Na mabenchi haya mliyokalia ndiyo mti wenyewe."

Mimi na Galus. Nilimtaja kwa jina. Nilimtaja na kwa ukwe, ili mtu asikosee. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa misani kwao. Kwangu ilikuwa sawa kabisa, si tulikata wote?

Wakainuka. Wakaimba! Wimbo mzima, mara tatu. Walininyanyua juu, mimi na uzito wangu. Mwinjilisti alinishika uso kwa mikono miwili akasema leo mbingu zina sherehe. Watu walilia kama wamefiwa.

Kisha wakakaa tena.

Wasomaji, mmelisikia hilo? Walikaa tena palepale. Juu ya mti wa marehemu. Wakafuta machozi, wakajiweka vizuri, wakaendelea na ibada. Hakuna hata mmoja aliyesema tufanyeje sasa. Na mimi nilikaa katikati yao, nimenona kwa sifa kama kupe.

Kesho yake nikaomba lifti kwenye lori la kwenda Mbeya. Furaha ilikuwa imenijaa, lazima niigawe. Chimala lori lilipakia mpunga, nikashuka, nikapanda juu ya gunia, nikashuhudia. Mti ukawa mnene kuliko ulivyokuwa. Na Galus tena, kwa jina. Ilomba nikamshuhudia mama, wajomba, majirani. Mti ukazidi kunenepa.

Mama alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na huyo Galus, alikubali useme?"

Nikamwambia, "Mama, nuru haiombi ruhusa."

"Sikuuliza nuru," akasema. "Nimemwuliza Lusajo."

Nikamwona mama ana imani kavu. Nilimwombea. Mbele yake, kwa sauti, ili asikie jinsi ninavyomwombea. Yule mama aliyenifundisha kuimba!

Nilikaa kwetu siku kumi na mbili. Niliporudi Igowole nilikwenda moja kwa moja shimoni. Shimo limejaa maji ya mvua, vyura wanaogelea. Msumeno haupo.

Nikaenda kwa Galus. Hakuna kuku uani, hakuna nguo kambani. Galus alikuwa kizingitini, anapukuchua mahindi peke yake, mwanaume mzima. Nikamsalimia kwa lugha yao, "Kamwene." Akaendelea kupukuchua.

Nikauliza Perpetua yuko wapi.

"Kaka zake walikuja siku ya pili baada ya wewe kuimbiwa," akasema. "Wamemchukua na watoto. Mzee amesema mimi na yeye hatukai moto mmoja."

Nikaanza kumwambia habari ya nuru. Naapa, nilianza. Akaniinulia mkono.

"Mimi nilikuwa nimeshaungama, Lusajo."

Akanieleza taratibu, mahindi yanadondoka kwenye ungo. Mwezi uleule tulioukata mti alikwenda kwa padri wake kwa miguu, saa nne za njia. Aliungama kwenye kiti cha maungamo, sikio moja tu la mtu linasikia. Padri akamwambia kulia hakutoshi, arudishe. Galus akamwuliza, mti unarudishwaje? Padri akasema, unapandwa. Ndizo zile Jumamosi zake. Alikuwa anachimba miche msituni, anaibeba mgongoni na udongo wake, anaipanda kwenye kichaka, anaizungushia miba ili mbuzi wasile. Mashina ishirini na mawili. Na alikuwa amekwishaongea na mjomba wake. Mvua zikikatika wangekwenda wawili na mbuzi, Galus apige magoti, amweleze mkwe wake mwenyewe, kwa mdomo wake, na amwonyeshe miche.

"Zilikuwa zimebaki wiki tatu," akasema. "Mzee akaisikia sokoni, kwa mama muuza vitumbua. Akimnunulia mjukuu."

Unajua nilifanya nini? Nilimkasirikia! Nilimwambia kwa nini ulinificha, sisi si marafiki? Akanitazama kwa macho yale yaliyokula unga wa mbao miaka mitano kwa ajili yangu.

"Umeoga kwa maji yangu, Lusajo," akasema. "Wewe umetakata. Sasa mimi ndiye ninayenuka. Nenda nyumbani."

Akaingia ndani na ungo wake.

Furaha yangu yote ilikwisha pale mlangoni. Siku zile sikuweza hata kusema Baba Yetu, nikifika "utusamehe" ulimi unakwama.

Nikaenda kwa Mwinjilisti. Nikamwambia nataka yale mabenchi niyarudishe kwa mwenyewe. Mnajua alinijibu nini? Alisema furahi, ndugu, unateswa kwa ajili ya nuru. Na mabenchi hayawezi kutoka, yamewekwa wakfu. Nikamwambia kitu cha wizi hakitakati kwa kukaliwa na makalio ya walokole. Hapo sauti ya asali ikaisha, akaniambia nimeingiwa na roho nyingine. Wakakusanyika wakaniombea, wamenizunguka, wananitaja kwa jina mbele ya Mungu ili nisikie vizuri. Nilitukanwa na wapiga rumba wa shamba la chai, nilitukanwa na madereva wa lori, lakini matusi kama ile sala sijapata kusikia.

Ndipo nikakumbuka nimemfanyia mama vilevile.

Nikabaki na mlango mmoja. Nikaenda kwa Mzee Kikoti.

Alikuwa anashona mpini wa jembe kwa ngozi. Hakunikaribisha. Nikasimama uani kama mbuzi aliyepotea.

"Wewe ndiye uliyeimbiwa?" akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Basi imba na mimi nisikie."

Sikuweza. Kifua cha fahali, jamani, hakikutoa hata pumzi. Perpetua alikuwa jikoni, nilimwona kivuli, hakutoka.

"Haya," akasema mzee. "Nani alisema mti ukatwe?"

"Mimi."

"Na mkwe wangu alisemaje?"

"Alisema hapana mara tatu. Mara ya nne nilimwambia kama hataki, hanipendi."

Akaacha kushona. "Hilo uliliimba kanisani?"

"Hapana, mzee."

"Uliacha nini kingine?"

Nikamwambia yote. Miaka mitano juu ya gogo. Bega. Wivu wangu kwa mzinzi. Hakuna aliyeimba. Jogoo tu alipita. Lilikuwa ungamo langu la kwanza la kweli, na malipo yake yalikuwa kusimama juani bila kiti.

Mwishoni alisema, "Baba yangu ananyeshewa. Niletee mbao zake." Akarudi kwenye jembe lake.

Mwinjilisti asingetoa mabenchi bila mabenchi, hilo nililijua. Nikaenda kwa Bwana Miti, yule afisa wa misitu, nikapata kibali cha mti mmoja, wa haki, kule ndani msituni. Niliuangusha mwenyewe, ng'ombe wa kuazima wakauvuta, jua lilikuwa limekwisha kukausha njia. Nikatoa maji shimoni kwa debe. Sasa nikahitaji mtu mmoja tu wa kushika ncha ya pili ya msumeno.

Niliwaomba ndugu saba. Wale walioninyanyua juu! Mmoja ana mgongo, mmoja ana mkutano, mmoja aliuliza je, nitakuwa juu au chini? Nikamwambia chagua. Akasema basi aende akaombe kwanza. Bado anaomba mpaka leo.

Siku tatu nilikwaruza lile gogo peke yangu na msumeno mdogo wa mkono. Watu walipita wakicheka. Siku ya nne asubuhi nikasikia mtu anakohoa. Galus. Amebeba msumeno wetu begani, lile bega la upande. Alitazama mikwaruzo yangu kama mtu anayetazama matapishi ya mbwa.

"Mstari huu ameupiga nani, kipofu?" akasema.

"Mimi."

Akasogea kwenye ukingo wa shimo, akaanza kukunja suruali ashuke, kama siku zote. Nikamtangulia. Niliruka ndani kabla hajasema neno. Kisha nikaona nyayo zake zinapanda kwenye gogo, juu ya kichwa changu.

Wasomaji wenzangu, sikujua. Miaka mitano sikujua! Unga ule unauma kama pilipili. Kila msumeno unaposhuka unakunyeshea, huoni, unavuta tu kwa kumwamini mtu aliye juu. Nililia mle, na safari hii hakuna aliyeona, machozi yakashikana na unga yakawa uji usoni. Na humohumo shimoni, saa sijui ngapi, nikajikuta naimba. Mdomo umefungwa, maana ukiufungua unakula mbao. Naimba kwa pua. Ile furaha ilikuwa imerudi. Haikunikamata shingoni kama kule kanisani. Ilikaa tu kando yangu kwenye tope kama mtu aliyekuja kufanya kazi.

Galus akasimamisha msumeno. "Unaumwa?" akauliza.

"Naimba."

"Vuta," akasema.

Tulitengeneza mabenchi sita mapya. Mwinjilisti aliyapokea siku hiyohiyo bila swali, maana yamerandwa vizuri kuliko yale ya zamani na hayana vibanzi vya kuchana suruali. Wakfu wake wote uliishia hapo. Tukayabeba ya zamani, mimi ncha hii, Galus ncha ile, safari sita katikati ya kijiji, watu wametoka kutazama.

Mzee Kikoti alituelekeza tuyapange juu ya kaburi, moja baada ya jingine, yaoze hapo na kurudi kwenye udongo wa mwenyewe. Tulipomaliza alizunguka kichaka, akaitazama miche ya Galus mmoja mmoja, akaigusa majani. Alihesabu kwa midomo. Kisha akakaa kwenye benchi la mwisho, akapiga kiganja pembeni yake. Galus akaenda akakaa.

Perpetua alikuja na mtoto mgongoni. Alimtazama mumewe. "Nyani wanakula maharage ya shamba la chini," akasema, "na wewe umekaa hapa kama mgeni wa harusi." Akatangulia njia ya nyumbani kwa Galus. Galus akainuka akamfuata. Ndivyo mke alivyorudi, hakuna kingine kilichosemwa.

Mimi nikasogea niwafuate. Perpetua akageuka.

"Wewe usivuke kizingiti changu mpaka miche ile ifike kiunoni kwangu. Na mimi si mfupi."

Ni mwaka wa pili sasa. Miche imefika magotini. Tunapasua mbao pamoja, mimi ni mtu wa chini. Galus ananiambia vuta, ananiambia simama. Jina langu bado hajalitaja kwa utani kama zamani. Jumapili ugali wao unapikwa, harufu naipata nikipita barabarani, napita. Kila Jumamosi napalilia miche. Nilikwenda Ilomba pia, nikamwomba mama radhi, akasema keti uchambue maharage.

Na imani ninaigawa, bwana wa Chimala, ulidhani nimeacha? Mtu akiniuliza kwa nini mtu wa shimoni anaimba kwa pua, namwambia. Namwambia yangu tu. Mwezi uliopita Mzee Kikoti alinikuta kwenye miche, akasema, "Ule wimbo uliokushinda siku ile uko wapi?" Nikamwimbia. Akasema sauti ni mbaya kama mlango, endelea. Sasa anakuja kila Jumamosi na kigoda chake, na juzi aliuliza Yesu huyo mti wake ulikuwa wa aina gani. Mwinjilisti na sauti yake ya asali, miaka kumi, hajaulizwa hivyo na mzee yule.

Kwa hiyo nawasihi, hasa vijana wenye midomo kama mimi. Ukijaa furaha, kabla hujapanda juu ya gunia, mtafute yule aliye chini yako shimoni. Mwulize macho yake yanaendeleaje. Dhambi yako itoe yote, na ya mwenzako mwachie mwenye nayo, hata kama mlishika shoka moja. Msipite nilipopita mimi. Magoti ya miche yanachelewa sana kufika kiunoni.

Na wewe, bwana wa Chimala. Wakati unashuhudia ile nyumba ya pombe, ulimtaja mkeo, ukasema alikuwa anauza na kunywa, ukataja hadi mtaa. Watu wakakuimbia. Mimi na debe langu nilimwona. Alikuwa nyuma ya magunia ya mpunga, amejifunika kanga mpaka machoni. Basi nijibu mbele ya wasomaji hawa: dhambi uliyoitoa pale, ilikuwa ya nani?